Mayai ya Kuchi na Saa ya Shemeji Bakari

Siku ya pili ya matanga ya shemeji yangu Bakari Mwinyikombo, wanawake tukiwa uani tunachambua mchele, aliingia mwanamke mnene kiasi, kajitanda khanga juu ya gauni la safari, akasimama mlangoni akitafuta uso anaoujua. Wenzangu walimtazama kama mtu aliyekosea nyumba. Mimi nilimtambua kwa namna alivyovua viatu: alivipanga sambamba, visigino vikigusa ukuta, na hakuna mtu mwingine niliyepata kumwona akifanya hivyo katika msiba. "Shikamoo Bibi," akasema. Nikamwitikia, "Marahaba, Agnes binti Shemzigwa," na kabla sijajizoa mkekani alikuwa ameshapiga magoti mbele yangu, machozi yanamtoka, mikono yake miwili imo ndani ya ungo wangu. Alikuwa ametoka Arusha kwa basi. Jirani yangu Mwanashehe akaninong'oneza, huyu ni nani wa marehemu? Nikamjibu ni mjukuu wake. Hakuwa mjukuu wa damu, wala wa dini, wala wa kabila. Alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha uani, tena kwa mwaka mmoja tu, na huo mwaka wenyewe umepita zamani kidogo. Lakini sikuona neno jingine la kumpa.

Watu wakisimulia maisha yao huanza na ujana. Nami ninao ujana wangu, Mungu anisamehe, una mengi. Ila mwaka ulionitengeneza mimi haukuja wakati wa ujana. Ulinikuta mjane, magoti yameanza kulalamika, wajukuu wengine wameshaota ndevu, na nafsi yangu imeshakubali kwamba yaliyobaki ya kujifunza ni mambo ya kaburini. Nilikuwa nakaa Makorora, Tanga mjini, peke yangu na kuku wangu, nikapangisha chumba cha uani kwa sababu nyumba ikikosa sauti ya mtu mwingine hata sufuria huanza kukutisha. Ndipo akaja huyu binti wa Kishambaa, kutoka milima ya Lushoto, anasoma mambo ya kompyuta katika chuo kimoja pale mjini, mwaka wake wa mwisho. Alikuja na sanduku la bati, gunia la viazi kutoka kwa mama yake, na mfuko wa mapeasi ambao alinikabidhi kwa mikono miwili kama anamkabidhi hakimu.

Chumba chake nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala mwenyewe. Kitanda cha futi tatu na nusu, Biblia na kitabu cha nyimbo juu ya mto, meza aliyoiunga kwa mbao za kreti, na juu ya meza ile kompyuta ya kupakata iliyopasuka pembe, na nyaya, nyaya, nyaya za kila rangi. Kulikuwa na harufu ya kulehemu iliyoshinda hata udi wangu. Kwao walikula makande na mboga za majani, kwangu akakutana na bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa ng'onda. Siku ya kwanza alimtazama yule samaki mkavu ndani ya nazi kwa muda mrefu, akauliza kwa adabu, "Bibi, huyu alikufa lini?" Nilicheka hadi nikapaliwa. Baada ya mwezi alikuwa anakomba sahani kwa kidole.

Na shemeji Bakari alikuwa haishi kuja. Kila asubuhi akitoka kuswali na kuzungukia mitaa yake alikuja barazani kwangu kunywa kahawa, kwa kuwa ndugu yake, marehemu mume wangu, alimwachia usia wa kunitazama, naye aliutekeleza kwa kunitazama nikimkorogea kahawa. Kazi yake ya tangu ujanani ilikuwa saa. Saa za misikiti kadhaa ya mjini yeye ndiye aliyezitia ufunguo, akazifuta vumbi, akazirekebisha. Na alikuwa na itikadi yake katika jambo hilo. Sisi sote tunatazama mshale umesimama kwenye saba na tunasema saa moja, wala hatujiulizi. Yeye alijiuliza. Saa ya ukutani nyumbani kwake aliisogeza, kama walivyofanya wazee waliomtangulia, mishale ikaonesha kile ambacho mdomo unasema: saa moja iwe kwenye moja, magharibi iwe kwenye kumi na mbili. "Kwa nini nisome kitu kimoja nitamke kingine?" alikuwa akisema. "Huo si unafiki?"

Yeye na Agnes walipendana kwa kutaniana. Asubuhi moja alimwuliza anasoma lugha gani huko chuoni, maana alisikia kompyuta nazo zina lugha.

"C, Babu."

"Sii?"

"Ndiyo. Jina lake herufi moja tu."

"Lugha nzima herufi moja. Basi mmefilisika, mjukuu wangu. Njoo nikukopeshe alifu na bee."

Mtihani wake wa kumalizia chuo ulikuwa kutengeneza kitu kinachofanya kazi, naye akachagua mashine ya kutotolesha vifaranga, nadhani kwa sababu aliniona mimi nikihangaika na kuku wangu. Sanduku lilitengenezwa na fundi Seif Kilua wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa na mikono mizuri na macho mabaya, kwa hiyo mlango ukabaki na mwanya upande mmoja. Ndani kulikuwa na globu ya kutia joto, bakuli la maji, trei iliyoinama huku na huku kwa mota ili kugeuza mayai, na ubavuni kibao kidogo cha umeme kisichozidi kiganja, ndicho chenye akili. Mbele kulikuwa na kioo kidogo cha namba nyekundu kinachoonesha saa, na vitufe viwili vya kuisogeza, kwa sababu umeme ukikatika saa ile ilipotea na mtu alihitaji kuirudisha.

Jioni tulipokuwa tunapeta mchele alinieleza kazi yake, naye hakuwa na dharau ya kunieleza kama mtoto. "Mashine kama hii, Bibi, sehemu kubwa ya maisha yake ni kulala. Inaamka, inasoma saa, inajiuliza: wakati wa kugeuza mayai umefika? Haujafika, inalala tena. Isipolala itakimbia mbio bure, ipate joto yenyewe, imalize umeme." Tabu yake ilikuwa kwamba mwalimu wake alitaka programu ileile, bila kubadilishwa, iende kwenye kompyuta za chuo ambako ataipima pasipo mayai, na iende pia kwenye kile kibao cha sandukuni. Na kila mashine ina namna yake ya kuambiwa lala, na namna yake ya kuulizwa saa. Nilimwambia hilo halinishangazi, hata wanangu wanne nililazimika kuwalaza kila mmoja kivyake.

Alilijua hilo kwa kichwa, ila alilijua kwa ngozi siku ya ndimu. Hatukutaka kujaribia mayai, tukajaza trei kwa ndimu kutoka jikoni. Shemeji Bakari akaketi mbele, mikono juu ya bakora, kama mgeni rasmi. Agnes akaunganisha waya. Trei ikainama kulia, ikainama kushoto, kulia, kushoto, haipumui, inatetemeka kama ina homa, na ndimu zikaanza kuruka. Moja ilinipiga kifuani. Nyingine iliingia chini ya kitanda na hatukuipata mpaka ilipoanza kunuka. Agnes alipouchomoa waya, shemeji akasema taratibu, "Mjukuu wangu, hii ni ya kuatamia au ya kupepeta?"

Akakaa sakafuni akacheka mwenyewe, kisha akatueleza. Kompyuta ya chuo ukiiambia lala tano, inalala sekunde tano. Kile kibao ukikiambia lala tano, kinahesabu vipande vya sekunde, vile ambavyo elfu moja ndivyo vinafanya sekunde moja. Hakijafumba jicho kimeshaamka. Yeye alibadilisha neno, akasahau kubadilisha kipimo. Baada ya hapo alikaa wiki nzima akiandika kitu alichokiita fankisheni, ndogo mbili, moja ya kusoma saa na moja ya kulala. Mimi niliziita vijumbe, na jina likabaki. Programu yote iliyosalia haikuruhusiwa tena kusema na mashine moja kwa moja. Ikitaka kulala inamtuma kijumbe wa usingizi, ikitaka saa inamtuma kijumbe wa saa, na hao vijumbe ndio wanaojua hapa tumefika kwa nani na huyu anaongea lugha gani. Ukihama na programu kwenda mashine nyingine unamfundisha kijumbe peke yake, nyumba nzima haina habari. Nililielewa hilo mara moja. Siku za mwanzo, mama yake Agnes alipopiga simu na Kiswahili chake cha shida, sote tulimtuma Agnes. Hakuna aliyetakiwa kujifunza Kishambaa ili kumshukuru kwa viazi.

Mwaka ule ungeweza kubaki wa kuchekesha tu. Lakini kikaja kideri. Nani asiyekijua: leo kuku mmoja anainamisha shingo na kuharisha kijani, kesho kutwa unazika. Na kuku wangu hawakuwa kuku wa kuokota. Walikuwa kuchi, wale warefu wa shingo ngumu, wanaosimama kama wanadai, mbegu niliyoitoa Mwera kwa Bi Mwajuma Kidege mume wangu alipokuwa hai. Watu walitoka mbali kununua jogoo kwangu. Tangu nilipofiwa sikuwahi kumpigia mtoto wangu simu ya kuomba sukari, na sababu yake ni hao kuchi. Wakafa wote. Akafa Chokaa, akafa Mrembo, akafa Bi Kidawa aliyekuwa akilala juu ya kinu, akafa Sultani, jogoo, wa mwisho, amesimama. Nikapiga simu Mwera, Bi Mwajuma akaniambia kwake hayakubaki hata manyoya. Mtaani hakukuwa na kuku wa kuazima wa kuatamia. Kilichobaki ni bakuli la mayai lililokuwa stoo penye ubaridi, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujafika, na yai la kutotolesha halingoji. Likipita wiki moja na kidogo ni la kukaanga.

Nililibeba lile bakuli mpaka chumba cha Agnes. Akaliona, akatikisa kichwa. "Bibi, haijawa tayari. Kipimo cha joto nilichoagiza Dar hakijafika. Sasa hivi globu inawaka kwa zamu tu, inawaka muda fulani, inapumzika muda fulani. Naikisia."

"Kisia," nikasema.

"Yakiharibika?"

"Usipoyaweka yameshaharibika."

Aliyapokea yai moja moja, akayapangusa, akaweka alama ya kalamu upande mmoja wa kila yai. Tukalihamishia sanduku ukumbini ili kila mtu alitazame. Shemeji alisoma dua, Agnes akasali kimoyomoyo, na mimi nikaitikia amina kotekote. Umeme ulipokatika tulilifunika kwa mablanketi na khanga zangu zote. Baada ya wiki aliyamulika kwa tochi ya simu gizani mwa chumba, akaniita nikaona ndani ya yai mishipa myekundu, myembamba kama mizizi ya mchicha, na katikati nukta inayodunda. Nimezaa watoto wanne na sikuwahi kuona kitu kile. Nilikaa kitini nikashika kichwa.

Siku ya balaa yenyewe ilianza kama asubuhi ya kawaida. Agnes alikwenda chuoni. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Shemeji alikunywa kahawa yake, akaingia ukumbini akilitazama sanduku lile ambalo kwa siku nyingi alilisema kwa kuonesha nane wakati ni saa mbili. Nilimsikia akijisemea na kikohozi chake, kisha akatoka akaaga, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyeficha zawadi. Nami nikafunga mlango nikaenda sokoni, kutoka sokoni nikapita kwa mgonjwa. Niliporudi adhuhuri nilimkuta Agnes mlangoni mwa sanduku, amepiga magoti, ameshika yai ameliweka juu ya kope la jicho lake, maana kope ndilo linalojua joto vizuri kuliko kiganja. Globu ilikuwa imezimwa na waya umechomolewa. Hewa ya ukumbini ilikuwa kama ya tanuri la mkate.

"Nani ameshika saa?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Hatukula. Wali ulipoa mezani, mimi natazama mayai, yeye anatazama ukuta, na machozi yanashuka bila kwikwi. Alasiri ikasikika bakora ya shemeji barazani na sauti yake imemtangulia: "Mmeiona zawadi yangu? Nimelisilimisha sanduku lenu. Sasa linasema saa kama watu." Akaingia anatabasamu. Akatuona. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Hapo ndipo mwaka wangu ulipo. Nimeishi na watu wengi, nimeona vyungu vingi vikivunjika, na kila mara jambo la kwanza linalotafutwa ni mkono wa mtu mwingine. Nilingoja kusikia binti akipaza sauti, na Mungu ni shahidi wangu, alikuwa na haki, hata mimi nilikuwa na ya kumwambia shemeji. Agnes alifuta uso kwa ncha ya khanga. Akamvutia shemeji kigoda. "Shikamoo Babu. Kaa kwanza." Akamweleza. "Mashine ilipowasha globu asubuhi ilijiambia, nitaizima ikifika saa fulani, dakika chache mbele. Kabla dakika hazijafika, wewe ukairudisha saa nyuma kwa saa sita. Nayo ikangoja mpaka ile saa ifike tena."

Shemeji akavua kofia. "Kwa hiyo imenitii mimi."

"Imekutii wewe, na imenitii mimi, kwa pamoja. Ndiyo maana."

"Nimeua kuku wa shemeji yangu."

"Hapana, Babu. Sikiliza. Saa ya kuonesha watu kila mtu ana haki ya kuisogeza. Umeme ukikatika tunaisogeza wenyewe. Mwingine anaisoma hivi, mwingine vile. Mimi niliyesomea jambo hili ndiye niliyeitumia kwa kungojea. Saa ya kungojea haitakiwi kuwa na kitufe. Kosa hilo ni langu, liko ndani ya programu, nitakuonesha mstari wenyewe ukitaka." Akanigeukia mimi. "Bibi, nisamehe."

Niliingia jikoni nikapasha chai, nikatia tangawizi nyingi mno, na tukainywa watatu. Kisha akayamulika mayai. Yale ya katikati, karibu na globu, nukta zilikuwa zimenyamaza. Yale ya pembeni, kwenye ule mwanya wa fundi Seif, yalikuwa na uhai, machache, ukiyaweka katika upindo wa khanga hayajazi. Hayo ndiyo yaliyobaki ya Sultani na Bi Kidawa, na kwa nijuavyo mimi, ya mbegu nzima ya Mwera.

Usiku huo na siku zilizofuata alimfundisha upya kijumbe wa saa. Alinieleza kwamba ndani ya kila mashine mna hesabu nyingine, iliyofichwa, inayoanza pale mashine inapoamka. Haijui sasa ni saa ngapi, haijui Jumanne wala Ijumaa, haijui Kizungu wala Kiswahili. Inajua tu umepita muda gani, na haiendi nyuma kamwe. Kila aina ya mashine imeificha mahali pake, kwa hiyo ilimbidi kuitafuta kwenye kibao, na kuitafuta tena kwenye kompyuta ya chuo. Programu iliyosalia hakuigusa. Mjane akisikia habari za hesabu isiyokwenda nyuma huwa na yake ya kuwaza, nami niliwaza. Miaka yote tangu nifiwe nilikuwa mtu wa kuirudisha saa: lau ningemwahisha hospitali, lau ningemkataza safari. Sikumwambia Agnes. Lakini toka wiki ile nilianza kulala usingizi mzima.

Shemeji hakuja tena. Nilimpelekea bokoboko, bakuli likarudi limeoshwa na salamu kwamba ana mafua. Nikampelekea mkate wa kumimina, mafua yakaendelea. Baraza langu asubuhi likawa na kikombe kimoja. Nilidhani nimepoteza kuku na shemeji kwa pamoja.

Wiki ya tatu ya mayai ilipotimia, asubuhi, Agnes alitoka mapema bila kunywa chai. Akarudi na shemeji, amevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, saa yake ya mfukoni mkononi. Mimi nilidhani amekuja kushuhudia tu. Agnes akamkalisha mbele ya sanduku. Kioo kilikuwa kinaonesha nane na kitu, kwa hesabu ya kila mtu. Globu ilikuwa inawaka.

"Haya Babu," akasema. "Irekebishe."

"Agnes," nikamwita.

"Mwache, Bibi."

Shemeji alinitazama mimi, si yeye. Sijui uso wangu ulimwambia nini. Akauliza, "Kwa saa yenu au yangu?"

"Ya kwako."

Akaweka kidole juu ya kitufe. Akabonyeza. Nane ikawa saba, saba ikawa sita, akaivuta nyuma mpaka ikasimama kwenye mbili, akailinganisha na ile ya mfukoni, kisha akaweka mikono yote miwili magotini kama mtoto wa madrasa. Tukaitazama globu. Najua nilisoma dua, sikumbuki ni ipi. Ilikuwa inawaka, inawaka, na ndani ya sanduku yakiwemo yale mayai machache, siku ambayo hayavumilii hata upepo. Kisha ikazimika. Ikazimika yenyewe, kwa zamu yake, kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Na katika kile kimya tukasikia sauti nyembamba, imefunikwa, kama mtu anaita kutoka nyumba ya tatu.

"Nani huyo analia?" shemeji akauliza.

"Yai, Babu."

Akainama akaweka sikio mlangoni na hakuinuka kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anafuta macho kwa kofia, akadai vumbi.

Haya mengine nimeyajua kwenye matanga, tukiwa tunachambua mchele. Nilimwuliza Agnes siku ile alimwambia nini shemeji hata akatoka nyumbani, maana mimi kwa mapishi yangu yote nilishindwa. Akasema, "Nilimwambia saa imerudi kuwa ya Kizungu, na sisi tumeshaizoea ya kwake, hatuelewi chochote." Nikamwambia aliyaweka rehani mayai yangu ya mwisho. Akasema hapana, hakuyaweka. Kwa kuwa programu ilikuwa moja huko na huku, alikuwa ameirudisha saa nyuma kwenye kompyuta ya chuo mara nyingi mno, akaipeleka mbele, akairudisha tena, mpaka mwalimu akamwuliza kama amelala vizuri. Alikuwa na hakika. Alitaka Babu naye awe na hakika. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Ila nilikuwa naogopa, Bibi." Nilimshukuru hapo hapo, mbele ya Mwanashehe na wenziwe, kwa sauti, jambo ambalo mwaka ule sikulifanya vizuri. Na marehemu nilimshukuru kaburini, kwa kuja siku ile.

Walitoka vifaranga wanne. Mtaalamu wa mifugo, bwana Mhando, akaja kuwatia matone ya dawa machoni. Agnes alifaulu, akaondoka na sanduku lake la bati, nami nikabaki nalea, huku nikiogopa jambo moja kila siku: kama wote ni majike, mbegu imekufa hata hivyo, ila kwa kuchelewa. Shemeji alikuja kila asubuhi, akanywa kahawa, akavitazama vile vichwa vinavyorefuka, akaenda zake. Mpaka alasiri moja, wakati hakuna kuku mwenye akili anayewika, mmoja wao akapanda juu ya kinu, akanyoosha shingo, akatoa sauti mbovu, iliyopasuka katikati, akaitoa tena. Niliacha ufagio nikakimbilia barazani na magoti yangu haya, ambako siku hiyo shemeji alikuwa amerudi kwa kikombe cha pili. Nikamwambia, "Shemeji, umesikia? Jogoo. Lakini anawika alasiri, saa yake haiko sawa."

Shemeji Bakari akaweka kikombe chini. "Mwacheni alivyo," akasema. "Mimi sigusi."